Chaki Muiache, Taa Muisogeze: Kupiga Picha Maandishi ya Mawe Lamu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Lamu. Pamoja na vijana wa mtaani tumeanza kukusanya picha za maandishi ya zamani: mawe ya makaburi, jiwe lenye aya juu ya mihrabu ya msikiti mmoja mdogo, na vipande vilivyookotwa mashambani upande wa Manda ambavyo sasa vimo ghalani mwa makumbusho. Makumbusho wamesema wataipokea kazi yetu iwapo itaweza kuingia kwenye rejista yao. Tuna kamera moja, simu zetu na laptopu moja. Shida ni kwamba picha hazisomeki, herufi zimelala pamoja na jiwe. Mwenzetu mmoja anataka tujaze chaki ndani ya herufi. Mwingine anasema tungoje mfadhili atununulie skana ya leza. Tushike lipi? Na tukimaliza, tuziweke mtandaoni?

JIBU: Maalim, shukrani kwa swali lako. Msishike lolote katika hayo mawili. Chaki itawaharibia jiwe, na leza itawakalisha miaka mkingoja mtu ambaye huenda asije. Kamera mliyo nayo inatosha. Kilichowanyima herufi ni mahali taa ilipokuwa mlipobonyeza.

Nianze na chaki, maana naona ndiyo iliyo karibu kutokea. Mawe mengi ya kuchongwa ya pwani hii ni matumbawe yaliyotolewa baharini. Yalichongwa yangali mabichi na laini, kisha yakakauka yakawa magumu. Mkilitazama kwa karibu mtaona limejaa vitundu. Unga wa chaki ukishaingia humo hautoki kwa kupulizwa. Utatoka kwa kusuguliwa, na kinachosuguliwa pamoja nao ni kingo za herufi, zile zile mnazozitafuta. Mkisema mtaosha kwa maji, maji hayo yataamsha chumvi iliyomo ndani ya jiwe, itasogea hadi usoni, itakauka, na uso utaanza kubanduka. Hali ni hiyo hiyo kwa ndimu, brashi ya waya, na ile mbinu ya wataalamu wa zamani ya kubandika karatasi mbichi na kuipigapiga ichukue umbo la herufi. Kwenye jiwe gumu la nchi nyingine mbinu hiyo imefanya kazi nzuri. Kwenye tumbawe na plasta ya chokaa, hapana. Hata ukungu ulioota juu ya jiwe uacheni. Kuondoa ukungu ni kazi ya mhifadhi wa makumbusho.

Kuna sababu ya pili ya kuikataa chaki, nami naiona nzito kuliko ya kwanza. Mtu anayejaza chaki anaamua herufi kabla ya kuiona. Chukua tarehe. Wachongaji wengi hawakutia nukta. Sasa andika saba na tisa kwa Kiarabu bila nukta: سبع ina meno matatu ya sini likifuatwa na jino la ba, kisha ayn, تسع ina jino la ta likifuatwa na meno matatu ya sini, kisha ayn. Ukiziondoa nukta zote, unabaki na meno manne na ayn mara mbili. Kinachozitenganisha ni jino lililo refu zaidi kidogo, au nafasi ndogo kati ya jino moja na jingine. Hii ikiwa kwenye mamia, ndiyo tofauti ya 700 na 900 Hijria, yaani 1300 Miladi, au 1494, miaka minne kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Kijana mwenye chaki akilikuza jino moja ameshalihamisha jiwe karne mbili, na picha itakayobaki haitaonyesha kwamba pale palikuwa na shaka.

Sasa taa. Flashi iliyo juu ya kamera hupiga jiwe usoni, na jua la adhuhuri hufanya karibu vivyo hivyo. Herufi iliyochongwa milimita mbili tatu haina rangi yake; unaiona kwa kivuli chake tu, na taa ya usoni inakifuta kivuli. Usiku chukueni tochi ya simu, muilaze pembeni mwa jiwe karibu sana na uso wake, mtazame. Mtajibiwa hapo hapo.

Halafu izungusheni tochi hiyo polepole. Taa ikitoka kulia au kushoto, alifu na lamu zinasimama wazi, lakini mistari ya kulala, kama mkono mrefu wa kafu au tumbo la nuni, inafifia. Taa ikitoka juu, kinyume chake: mistari ya kulala inajitokeza na alifu zinapotea. Ndiyo maana picha moja, hata iwe nzuri vipi, haiwezi kuwa kumbukumbu ya jiwe lenye maandishi. Watu wawili wanaweza kubishana juu ya jiwe lile lile kila mmoja akiwa na picha yake, na wote wawili wana haki.

Dawa ya hili ipo tangu mwaka 2001, ilipobuniwa na Tom Malzbender na wenzake katika maabara za Hewlett-Packard. Wataalamu huiita RTI, kifupi cha Reflectance Transformation Imaging. Kamera haisogei, jiwe halisogei, taa peke yake ndiyo inayohama. Unapiga picha 40 hadi 60, kila moja taa ikiwa mahali pengine, kisha programu inaziunganisha kuwa faili moja. Ukilifungua faili hilo kwenye kompyuta unaisogeza taa kwa kipanya kama vile umeshika tochi mbele ya jiwe lenyewe, na unaweza kuondoa rangi na madoa ubaki na umbo tupu. Mimi sijaona njia nyingine inayomfaa mtu mwenye vifaa vyenu kwa kiasi hiki.

Mnachohitaji zaidi ya kamera ni tripodi imara, flashi ya kushika mkononi inayowaka mbali na kamera, kamba nyembamba, na mipira miwili myeusi inayong'aa. Mpira mweusi wa snuka unafaa sana kwa jiwe la ukubwa wa mlango wa dirisha. Kwa kipande kidogo cha ghalani tumieni gololi nyeusi zisizo na mikwaruzo. Mipira inakaa kando ya jiwe, ndani ya fremu, bila kuligusa. Kila flashi inapowaka huacha nukta nyeupe juu ya mpira, na programu hutumia nukta hiyo kujua taa ilitoka wapi. Kwa hiyo mpira usiwe mdogo mno pichani: upana wake usipungue pikseli 200.

Kamba ni ya kupimia umbali wa taa. Urefu wake uwe kama mara tatu au nne ya ulalo wa jiwe. Mmoja anashika ncha karibu na katikati ya jiwe, mwenye flashi anashika ncha ya pili, kamba inakazwa, kisha inaondolewa pichani kabla ya kubonyeza. Zungukeni kama mnaochora kuba juu ya jiwe: kuanzia chini kabisa, nyuzi 15 hivi kutoka usoni, mkipanda hadi nyuzi 65. Kamera iwe kwenye mpangilio wa mkono, ISO 100, tundu la lenzi f/8, fokasi ikishapatikana izimwe isijirekebishe, mizani ya rangi isibadilike, na faili liwe ghafi, RAW, si JPEG peke yake. Bonyezeni kwa rimoti au kwa kipima muda. Mkono ukigusa kamera katikati ya mzunguko, anzeni upya. Msijidanganye kwamba programu itasahihisha.

Hapo ndipo upepo unapowapata watu. Kusi ikishika upande wa Manda, tripodi inatikisika bila ninyi kujua, na mnakuja kuona ukungu wa herufi mmesharudi nyumbani. Ning'inizeni mfuko wa mchanga chini ya tripodi. Nje fanyeni kazi jua likishazama, kwa sababu mchana flashi ndogo haishindani na jua. Kama usiku makaburini hamruhusiwi au hamridhiki, twekeni turubai nene liweke kivuli kizito. Msikitini saa nzuri ni baada ya Alfajiri watu wakishatawanyika, mna muda wa kutosha kabla ya Adhuhuri. Ijumaa achaneni nayo. Hayo ya udhu na viatu siwezi kukufundisha wewe.

Programu ya kuunganisha iko ya bure, inaitwa Relight, imetengenezwa na maabara ya Pisa, Italia, na laptopu ya kawaida inaimudu.

Mawe ya kaburi yaliyo bapa nimemaliza. Kaburi la nguzo ni jambo jingine, maana lina pande na kimo, na RTI inaona upande mmoja tu. Tuseme mnataka kitu kama lile kaburi la Takwa, kwenye magofu ya Manda, lenye tarehe 1094 Hijria, ambayo ni 1683 Miladi. Mtalizunguka mkipiga picha nyingi zinazopandiana, kila picha ikirudia angalau theluthi mbili ya ile iliyotangulia, mzunguko wa chini, wa katikati na wa juu, kisha programu inajenga umbo la pande zote. Hii hata simu nzuri inaweza. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua. Wekeni rula mbili pichani ili umbo lipate kipimo, kwa sababu bila rula kompyuta haijui kama imejenga nguzo au mshumaa. Halafu paneli yenye maandishi ipigieni RTI yake pembeni. Kujenga umbo kunataka kompyuta yenye kadi ya picha yenye nguvu. Kama yenu haina, pigeni tu, mtunze faili, mkaombe kompyuta baadaye. Jiwe halingoji, faili linaweza kungoja.

Kuhusu leza, Chuo Kikuu cha Cape Town, kupitia mradi wao wa Zamani, waliitumia Kilwa kupima majengo mazima na magofu yake, na kwa kazi ya ukubwa huo siwezi kuisema vibaya. Kwa herufi za milimita mbili haiwazidi ninyi kitu.

Nije kwenye rejista, maana makumbusho wamewapa sharti na sharti lao ni la haki. Picha nzuri ya jiwe lisilojulikana lilikotoka haiwasaidii sana. Kila jiwe lipewe namba moja, na namba hiyo iandikwe kwenye kijikaratasi kinachowekwa kando ya jiwe katika picha ya kwanza ya kila mzunguko, pamoja na rula na kadi ya rangi. Juu ya jiwe msiandike chochote, hata kwa penseli. Vipande vya ghalani tayari vina namba za makumbusho, tumieni hizo hizo, msizue zenu. Jina la faili lianze na namba, lifuatwe na tarehe ya kupiga, kisha namba ya picha. Katika daftari, au jedwali la kompyuta, andikeni nani alipiga, nani alishika taa, jiwe lina urefu, upana na unene gani, ni tumbawe, plasta au mbao, limevunjika wapi, limeelekea wapi. Kwa yale ya Manda, muulizeni aliyeokota: alilikuta limelala au limesimama, kando ya nini, shamba la nani. Hiyo ndiyo habari inayokufa kwanza. Jiwe linaweza kukaa ghalani miaka hamsini, mzee aliyeliokota hatakaa.

Thamani ya mahali utaiona Gedi, yale magofu ya karibu na Malindi. Pale kuna kaburi lenye mwaka 802 Hijria, ambao ni 1399 Miladi. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alipata kwenye tarehe ile mahali pa kushikia umri wa kuta na vigae vilivyokuwa jirani yake. Jiwe lile lile lingekuwa limeng'olewa na kuwekwa kabatini bila maelezo, lingebaki tarehe ya marehemu mmoja tu.

Nakala ziwe tatu, mbili Lamu katika nyumba mbili tofauti na moja nje ya kisiwa. Unyevu na chumvi ya hapa havina huruma na diski. Kila mwaka zifungueni mzione kama bado zinafunguka.

Sasa nikuseme wewe, Maalim, kwa heshima zote. Katika kundi lenu wewe ndiye msomaji bora, na kwa hilo hilo ndiwe wa kuogopwa. Mtu aliyehifadhi Qurani akiona «كل نفس» kwenye jiwe la kaburi, jicho lake limeshafika «ذائقة الموت» kabla halijatazama kama maneno hayo yapo. Mchongaji huenda aliishiwa na nafasi, au aliruka neno, au aliandika hamza kwa namna ya watu wake. Hayo ndiyo yanayotuambia alifundishwa wapi na alikuwa anachonga kwa mkono wa nani. Ukiyasahihisha umeufuta ushahidi. Usinakili aya kutoka kwenye msahafu wa simu ukaibandika kwenye jedwali. Chapa herufi moja moja ukiitazama skrini, na kama unaweza, mwache kijana asiyehifadhi asome kwanza.

Kuna kanuni ya mabano iliyokubaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1931 na bado inatumika duniani. Herufi zilizopotea na wewe umezirudisha kwa kukisia, zitie ndani ya mabano ya mraba. Ufupisho ulioukamilisha, mabano ya duara. Herufi inayoonekana nusu na una shaka nayo, itie nukta chini. Kwa Kiarabu nukta zitachanganya, kwa hiyo ipigieni mstari na mseme hivyo kwenye maelezo. Jedwali liwe na safu tatu zisizochanganywa: kinachoonekana, kinachokisiwa, na tafsiri ya Kiswahili. Siku makumbusho watakapotaka kuyatia kwenye EpiDoc, ambao ni mfumo wa kompyuta wa maandishi ya kale, mtu ataweza kufanya hivyo kutoka kwenye safu hizo bila kuwauliza.

Tarehe iandikeni kama ilivyochongwa, kwa Hijria, kisha Miladi kando. Mwaka wa Hijria karibu kila mara unaangukia miaka miwili ya Miladi. Ule wa msikiti wa Pwani, nyuma ya ngome, unaotajwa kuwa 1370, ni 772 Hijria, ulioanza Julai 1370 ukaisha Julai 1371. Kama mwezi umechongwa mtaweza kuchagua. Kama haukuchongwa, andikeni miaka yote miwili.

Kabla ya kutangaza kwamba mmegundua jiwe jipya, tafuteni orodha ya maandishi ya Kiarabu ya pwani ya Afrika Mashariki iliyochapishwa mwaka 1973 na Freeman-Grenville na B. G. Martin. Mkikuta jiwe lenu limo, furahini. Mtakuwa na usomaji wa wakati ule wa kulinganisha, na pengine mtaona maneno waliyoyasoma wao ambayo leo hayapo tena juu ya jiwe.

Vibali sitavirefusha. Makumbusho za Taifa zinalinda mambo haya kwa sheria ya mwaka 2006, na kwa kuwa mnafanya kazi nao, ombeni barua yenye orodha ya mahali mtakapopiga. Msikiti una wasimamizi wake, makaburi yana wenyewe. Barua ya ofisi haiwaombei ruhusa kwa hao.

Mtandaoni, ndiyo, lakini si vyote. Kwa vipande vya ghalani uamuzi ni wa makumbusho. Kwa mawe yaliyo nje, wekeni picha na usomaji, mahali pafichwe: semeni Manda, au Siyu, basi. Jiwe dogo lenye nakshi linabebeka kwenye mashua, na mnunuzi hakosi. Daftari la makumbusho libaki na mahali kamili. Majina nayo yana uzito wake. Kwenye kaburi kuna jina, la baba, la babu, na nisba, yaani jina la ukoo au la mji alikotoka, na hapa kwetu nasaba si habari ya kale, watu wanaidai na pengine wanadaiana mashamba kwa hiyo. Iulizeni familia. Wakisema ngojeni, faili likae kwenye rejista lisitoke.

Anzeni na vipande vya ghalani, ambako hakuna upepo wala mwenye kaburi wa kumuudhi, vijana wazoee kamba na flashi. Na mtakapoweka, wekeni lile faili ambalo mtu anaweza kuisogeza taa yeye mwenyewe, JPEG moja isije ikatangulia. Watu wa Mombasa, wa Unguja na wa Barawa watasoma, na wengine watawapinga. Wakiwapinga kwa hoja, uongezeni usomaji wao chini ya wenu, kwa jina na tarehe, na wenu msiufute.